Wekundu wa Ukutani

"Mbona jana jioni gari lako halikuwa na wekundu?"

Nakumbuka asubuhi ile Bibi aliponiuliza hivyo, nami sikulitafuta jibu. Nilikuwa kwenye usukani wa van ya Mjomba, uani kwetu Timbwani, injini inanguruma, mguu umekandamiza breki, na mkono wa gia umegoma kutoka kwenye herufi P, ile ya kuegeshea, kana kwamba umechomelewa hapo. Bibi mwenyewe alikuwa na mtoto wa jicho, macho yote mawili. Alitambua mwanga na rangi kubwa kubwa, basi. Uso wa mtu hakuuona.

"Bibi, wekundu gani tena?" nikamjibu. "Ngoja kwanza."

Mwanangu, ujue alichokuwa akikingoja. Madaktari wa macho waliokuwa wakija kwa zamu walikuwa hospitalini kisiwani, siku yao ya mwisho, na saa sita walikuwa wanafunga kazi. Jina la Bibi lilikuwa limeandikwa. Tangu alfajiri alikuwa ameoga, amevaa buibui lake jipya, amekaa kwenye kiti karibu na mlango wa jikoni, mkoba mapajani. Kilichobaki ni mimi kumvusha kwa feri.

Nami nilikuwa nani? Nilikuwa nimetoka chuo kikuu mwaka uliotangulia, nimesomea fizikia, na sikubali jambo mpaka nimelihoji. Nilimhoji maalimu, nikamhoji Mjomba, nikamhoji hata fundi cherehani kwa nini mkono wangu apime pale na si pale. Nyumbani wakaniita Bi Kwanini, nami nikaliona jina la sifa. Kazi ilikuwa haijapatikana, basi Mjomba, aliyekuwa akitoa mizigo ya watu bandarini, akanipa van yake niendeshe. Ilikuwa otomatiki, imetoka Japani, na miaka ile ya tisini magari ya aina hiyo ndiyo kwanza yalikuwa yanaanza kujaa mitaani kwetu.

Jirani yetu Mzee Athmani, mwenye teksi, akasimama mlangoni pa ua.

"Binti, Bibi nampeleka mimi. Abiria wangu atangoja kidogo."

"Ahsante Mzee, nipe dakika tano tu. Tatizo nishalijua."

"Walijua? Ni nini?"

"Gia imenasa."

"Hilo hata mimi naliona, na chuo sikwenda." Akacheka, akaondoka na teksi yake. Ilikuwa saa mbili na robo.

Dakika tano zangu, mwanangu! Nilifungua boneti, nikapima mafuta. Nikachomoa betri, nikairudisha. Nikazima injini, nikawasha, nikazima. Kisha nikajipa nadharia kwamba uzito wa gari umeegemea gia, hivyo tukilitikisa itaachia. Shangazi Zuhura, dadake baba, akaja kunisaidia kusukuma. Tukasukuma mbele, tukasukuma nyuma, kanga ikamdondoka, na gari likawa linayumba tu papo hapo.

"Hii fizikia yako yataka punda!" Shangazi akafoka. "Niende barabarani nikakodi gari?"

"Bado kidogo, Shangazi."

Kila nilipoulizwa ilikuwa bado kidogo. Saa tatu ikapita, saa nne ikaingia, jasho limenilowesha, na mimi nimeshikilia ule mkono wa gia kama ninayeshindana nao mbele ya watu. Hapo Bibi akarudia kwa upole, "Mjukuu wangu, nakuuliza ule wekundu."

"Bibi, wewe huoni!" nikapayuka. "Niache nifanye kazi!"

"Astaghfirullah," Shangazi akasema. Bibi aliushika mkoba wake vizuri tu, kama abiria anayeogopa kuambiwa ashuke.

Shangazi hakuningoja tena. Alitoka, akarudi na Karisa, fundi wa umeme wa magari aliyekuwa akifanyia kazi kando ya barabara ya feri. Saa tano ilikuwa imepita. Karisa hakufungua kitu. Alikwenda akasimama nyuma ya van.

"Kanyaga breki."

"Nimekanyaga."

"Kanyaga, dada."

"Nimekanyaga, bwana!"

"Basi taa zako za breki zimekufa."

Akatia fyuzi mpya, nayo gia ikatoka kwa kidole kimoja. Akanieleza kama anavyoelezwa mtoto: gari lile haliachii P mpaka lijue umekanyaga breki, na linajua kwa umeme ule ule uwashao taa za breki. Fyuzi ikiungua, taa hazipo, na gia haitoki. Akajifuta mikono, akauliza, "Kwani hakuna aliyeona kwamba taa haziwaki?"

"Mimi niliona," Bibi akasema. "Nimeuliza mara mbili."

Foleni ya feri sikusimulii. Tulipofika hospitalini vyombo vilikuwa vinafungwa masandukuni, na muuguzi akatuambia tungoje zamu nyingine. Zamu hiyo ilikuja baada ya miezi saba. Bibi alitibiwa, akaona. Lakini miezi saba ile ya giza nilimpa mimi.

Siku ile, tukirudi, hakunigombeza. Alisema neno moja tu, tumo ndani ya feri: "Wewe wauliza sana, mjukuu wangu. Na mimi niliuliza. Mbona langu halikuwa swali?"

Hadi leo najikasirikia, na hukasirika zaidi nikiwasikia nyinyi mkiwakatiza wazee kwa sauti ile ile niliyoitumia mimi. Sikukatazi kuhoji, mwanangu. Hoji. Lakini mtu akikuuliza jambo, huenda ndiyo njia yake ya kukuonyesha. Kabla hujampima macho yake, mwulize ameona nini na ameonea wapi. Na muda wa mwenzio usiuahidi kana kwamba ni wako. Mola akupe macho mazima, akupe na moyo wa kumsikiliza asiye nayo.

Bibi alipofariki, miaka mingi baadaye, ndipo Shangazi aliponieleza. Nilizoea kuliingiza gari uani kinyumenyume wakati wa magharibi, mgongo wake ukielekea ukuta mweupe wa jikoni. Bibi alikuwa akikaa pale makusudi. Sura yangu hakuiona, lakini ukuta ukiwaka mwekundu alisema, "Amefika," akanimiminia chai. Jioni ya kuamkia siku ile ya hospitali ukuta haukuwaka, na mimi nilipita mbele yake bila hata shikamoo. Chai ilipoa birikani. Bibi alikuwa bado ananingoja nirudi.