Maduara Matatu ya Baba Godwin

"Mimi Jotham nitawachorea hewani maduara matatu, yamelaliana kama sahani kabatini, na atakayeona kona yoyote aende hospitali ya Makandana akapimwe macho!"

Alisema hayo kantini ya kiwanda cha chai, saa ya uji, amepanda juu ya benchi mbele ya watu wa zamu mbili. Alikuwa na miaka hamsini na mbili, fundi wa mashine za kukaushia majani, mzee wa kanisa, na maishani mwake alikuwa hajarusha hata kishada.

"Na ukishindwa?" aliuliza Nsajigwa, mchochea boila, ambaye kazi yake ya pili ni kuwakumbusha watu walichosema.

"Nikishindwa, ndege chukua. Kaitundike kwenye mahindi yako ifukuze ngedere."

"Lini?"

"Jumamosi ya kwanza ya Agosti. Uwanja wa shule, hapa hapa Kinyala."

Watu wakapiga makofi. Jotham akashuka kwenye benchi akijisikia ameshafanya nusu ya kazi.

Ndege yenyewe aliachiwa na mhandisi mmoja wa kiwanda aliyestaafu akarudi kwao. Mabawa mita moja na nusu, mgongo mwekundu, tumbo la njano ili mrushaji ajue ipi ni juu na ipi ni chini, mota ya betri, na rimoti yenye vijiti viwili. Jotham aliipenda kuliko alivyowahi kupenda kitu kisicholiwa. Aliilaza kitandani, upande wa ukutani, na mkewe Atupokile akahamia ukingoni. Mhandisi alimwachia na neno moja: "Anza na kompyuta, Jotham. Kuna programu nimekuwekea. Vunja ndege mia za kwenye kompyuta, ndipo uguse hii."

Hapo ndipo mambo yalipokwama. Kompyuta ilikuwa ya mezani, zee, nzito kama jiwe la kusagia, nayo ilikaa sebuleni kwa mwanawe Godwin, ng'ambo ya migomba. Godwin alishinda mjini kwenye duka la kutoa kopi. Aliyebaki nyumbani mchana kutwa ni mkewe, Tulia. Na kwa Wanyakyusa wa sampuli ya Jotham, baba mkwe na mke wa mwanawe hawatazamani, hawasemeshani, hawakai chumba kimoja. Vijana wengi wa mjini walishaiacha desturi hiyo, lakini Jotham alibeba Biblia mkono mmoja na mila mkono wa pili, na hakuwahi kulalamika mzigo. Tulia akimwona anakuja, anajitanda khanga na kuzama migombani. Kwa miaka miwili Jotham alimjua mkwewe kwa visigino tu.

Basi hakwenda kwenye kompyuta. Alikaa jikoni na miko miwili ya ugali, akiisukuma huku na huku, akitoa mlio wa mota kwa mdomo.

"Baba Godwin, umepaa au bado?" Atupokile aliuliza. "Nataka mwiko wangu."

Rimoti, lakini, ilikuwa lazima ichajiwe, na chaja ilikuwa kwa Godwin. Kila siku Jotham akiingia zamu, rimoti iko pale mezani, waya wa kompyuta uko pembeni yake, na Tulia ameshamaliza kupukuchua maharage. Unategemea nini? Tulia alivunja ndege mia moja na arobaini za kwenye kompyuta. Ya mia moja na arobaini na moja haikuvunjika.

Jotham hakujua. Mwezi wa Mei alipeleka ndege ya kweli uwanjani, akairusha, ikapaa vizuri, ikaenda mbali, akaigeuza. Ikawa inamjia usoni. Akasukuma kijiti kulia, ndege ikaenda kushoto. Akasukuma zaidi. Ndege ikazidi kutomtii, ikapita juu ya goli na kutua katikati ya shamba la chai.

Chai ya kwetu hukatwa juu ikawa bapa kama godoro, kwa hiyo ndege haikuvunjika sana. Iliyovunjika ni heshima.

"Baba Godwin," wachumaji walimwita, "hii ndege yako imekuja kuchuma? Mbona haina kikapu?"

Alikwenda kuiokota chaini mara saba mwezi ule. Siku zingine ilifanikiwa kupiga duara kabla ya kuanguka, ila duara lenyewe lilikuwa yai, na yai lenyewe la bata. Nsajigwa alianza kusafisha mahindi yake.

Jioni moja Jotham alikuwa uani kwake akipaka gundi bawa. Nyuma ya ukuta wa jiko alisikia Tulia anaongea na kuku.

"Wewe kuku, nisikilize. Ndege ikimjia mtu usoni, asihangaike na kulia wala kushoto. Aangalie bawa gani limeshuka. Kijiti akisukume upande huo huo, kama anaegemeza gogo chini ya banda linaloinama. Litanyooka lenyewe."

Jotham alishusha brashi. Aliangalia kulia, akaangalia kushoto, kisha akamwangalia jogoo wake aliyekuwa karibu.

"Jogoo," alisema kwa sauti, "muulize mwenzako hayo kajifunzia wapi."

"Kuku wangu, mjibu jogoo kwamba ni kwenye kompyuta," ukuta ulijibu. "Na duara linakuwa yai kwa sababu mtu anavuta kijiti kwa nguvu zile zile mwanzo mwisho. Kabla hajavuta, mabawa yawe sawa. Wakati wa kupanda aongeze moto, yaani nguvu ya mota. Kileleni alegeze. Wakati wa kushuka apunguze moto, avute tena taratibu."

Siku zilizofuata kuku wa nyumba ile walielimika kuliko baadhi yetu tuliolipiwa ada. Jotham aliacha kuangukia kwenye chai. Maduara yakaanza kuwa maduara. Lakini la pili halikukaa juu ya la kwanza. Upepo wa kutoka mlimani ulilisukuma pembeni, na mtu anayekazia macho ndege hawezi pia kupima upepo na kukumbuka hatua. Hata mhandisi alishasema: mrushaji huwa na msomaji nyuma yake, anayemwambia kinachofuata.

Kuku hakufaa kwa kazi hiyo. Wakamweka Atupokile katikati. Tulia asimame mbali, amwambie mama mkwe, mama mkwe amwambie mumewe.

"Alegeze," Tulia alisema.

"Anasema ulegeze," Atupokile alifikisha, "na mimi nasema gunia la mkaa ulilisahau tena."

Kufikia hapo ndege ilikuwa imeshaangukia kwenye chai.

Jumamosi ya kwanza ya Agosti ilifika na baridi yake. Uwanja ulijaa: watu wa zamu zote mbili, kwaya, wauza karanga kutoka Msasani ya huku kwetu, na shangazi yake Jotham, bibi Atupakisye, mwenye miaka themanini, aliyeshika mila za ukoo kama mtu anavyoshika funguo za stoo. Nsajigwa alikuja na kamba na mti mrefu.

"Vya nini hivyo?" mtu aliuliza.

"Vya kutundikia."

Jotham akarusha. Akavuta duara la kwanza. Tulia akasema, Atupokile akafikisha, likatoka yai.

"Bata huyo!" Nsajigwa alipiga kelele. "Hilo moja nakusamehe. Rudia. Lakini ni mara ya mwisho, mzee wa kanisa."

Ndege ilizunguka uwanja. Jotham aliifuata kwa macho, shingo imekakamaa, akawazia mahindi ya Nsajigwa, akaiona imetundikwa kwa shingo mvua ikiinyeshea. Ndipo alipowaza jambo ambalo angeweza kuliwaza tangu Mei: mrushaji hatakiwi kuondoa macho kwenye ndege hata sekunde moja. Kwa hiyo hamtazami mtu yeyote. Kwa hiyo hamtazami mkwe.

"Mama Godwin, kaa pembeni," alisema. "Anayejua aje nyuma yangu."

Watu waligeuka kumtafuta Tulia kwa macho.

"Jotham!" Bibi Atupakisye aliinuka. "Unafanya nini wewe?"

"Shangazi, mimi natazama juu!"

Tulia akajitanda khanga hadi kwenye nyusi, akaja, akasimama hatua mbili nyuma yake, naye akatazama juu. Ungesema wanasali.

"Nyoosha bawa," alisema. Sauti yake ilikuwa nzito kuliko alivyoidhania Jotham kupitia ukutani. "Subiri. Vuta. Moto. Moto. Sasa legeza. Punguza. Vuta taratibu. Hilo moja."

Kwaya ilipumua kwa pamoja.

"La pili. Upepo unatusukuma upande wa darasani. Elekeza pua kidogo mlimani. Vuta. Moto. Legeza mapema. Punguza. Mawili."

La tatu lilipanda pale pale yalipopanda mawili ya kwanza, likapinda pale pale, likashuka pale pale. Nsajigwa alifumba jicho moja akatafuta kona. Akafumba la pili. Kisha akaulaza mti wake chini na kuketi juu yake.

"Sahani," alikubali. "Sahani tupu. Ndege ni yako."

Uwanja ulilipuka, na Jotham akalipuka nao. Furaha ilimzidi. Akageuka mzima mzima, akamtazama mkwewe usoni kwa mara ya kwanza tangu harusi, akamshukuru kwa Kinyakyusa, "Ndaga, mwanangu! Ndaga fijo!"

Tulia hakujificha. Alikuwa amekodoa macho juu ya bega la Jotham.

"Baba, ndege! Bawa la kushoto!"

Jotham akageuka, akasukuma kijiti kushoto, ndege ikanyooka shibiri chache juu ya kofia za wachumaji, ikatua kwenye nyasi ikiruka ruka kama mbuzi.

Vifijo vilirudi, isipokuwa kwa bibi Atupakisye. Ukoo ulikaa jioni ile ile uani kwa Jotham. Shangazi alisema kuangalia juu alikuvumilia, kusemeshwa kutoka nyuma alikuvumilia, lakini kutazamana macho kwa macho na kuitana baba na mwanangu mbele ya kwaya nzima hakurudishwi nyuma. Walichoweza ni kulihalalisha jambo lenyewe.

"Utachinja," alihukumu. "Tule wote, na yeye ale tukimwona. Kuanzia hapo msalimiane kama watu."

"Na kesho mazoezi?" Jotham aliuliza.

"Ukishachinja."

Asubuhi Jotham alitoka mapema na Godwin kwenda kutafuta mbuzi jike, mzima, asiye na kilema. Bei ya kumwita Tulia mwanangu, na ya kurudi mazoezini, ikawa shilingi laki moja na arobaini elfu.