Mkono wa Mazut, Mkono wa Bukari

Siku yangu ya kwanza kazini, katika depo ya reli ya Kamina, niliamriwa kuutia mkono wangu wa kulia mfukoni na kuusahau. Nilikuwa nimevaa suruali ya kaki ambayo mama aliipiga pasi kwa bidii ya kutisha. Nilikuwa tayari kuinua vyuma, kusukuma mabehewa na, ikibidi, kuokoa abiria kwenye moto. Sikuwa tayari kusimama mkono mfukoni kama mtu anayemsubiri rafiki sokoni.

"Weye, mutoto," aliniambia kapita Ilunga, msimamizi wetu sisi wajaza mafuta. "Mukono ya kuume, tia mu mufuko. Ile iko ya nyumba kwako. Ya kushoto njo ya kampuni."

Nilidhani ni mzaha wa kuwachekesha wakongwe kwa gharama ya mgeni, nikacheka. Yeye hakucheka. Kumbe ile ndiyo iliyokuwa kazi yenyewe, na mambo mengine yote niliyofundishwa baadaye yalikuwa maelezo yake tu.

Vijana wa leo lazima niwaeleze Kamina ilivyokuwa miaka ile ya hamsini. Reli zilikutana pale kutoka kila upande, na injini zote zilikula makaa ya mawe na kunywa maji kama ng'ombe. Masizi yalianguka juu ya nguo zilizoanikwa, juu ya unga, juu ya watoto waliobatizwa asubuhi ileile. Ndipo likaja gari la dizeli. Lilikuwa gari moja la reli lenye viti na madirisha, linalojivuta lenyewe bila kichwa cha moshi mbele yake. Sisi tuliliita otorai. Lilikuwa jekundu chini na rangi ya maziwa juu, na honi yake ilisikika kabla hujaliona, kama mtu mwenye habari njema anayeanza kuongea akiwa bado njiani. Mji mzima ulikimbilia stesheni. Mimi nilikimbia mbele ya wengi. Nililipenda gari lile kwa namna ambayo sasa, nikiwa na shahada ya falsafa na kipara, naona haya kidogo kuieleza. Nililiota usiku. Nililisifu mbele ya watu ambao hawakuwa wameniuliza.

Kwa hiyo nilipochukuliwa kulijaza mafuta, niliona nimeteuliwa kumnywesha mfalme.

Mafuta ya dizeli tuliyaita mazut, na lazima nieleze tabia yake. Petroli ni mgeni mwenye adabu: hunuka, huaga, huondoka. Mazut ni shemeji asiye na kazi. Akishaingia, amelala. Hujificha chini ya kucha na kwenye mistari ya kiganja, na ukimwagia maji hutawanyika tu mpaka kwenye kiwiko. Kosa la kila mgeni lilikuwa kukimbilia bomba la maji. Kapita Ilunga alitufundisha kuanza na kitu kikavu: unga wa mbao kutoka kwa maseremala, au mchanga uliochekechwa, usugue mpaka uwe mweusi na uanguke. Kisha majivu. Kisha sabuni bila maji. Maji mwisho kabisa.

Lakini kunawa, alisema, ni kazi ya mtu aliyekwisha kushindwa. Fundi hachafuki. Ndiyo sababu ya mkono mfukoni. Mkono wa kushoto ulizungusha pampu ya pipa, ukashika mpira, ukafungua kizibo cha tangi, ukabeba shifoni, yaani kitambaa cha kupangusia. Ulisimama upande unakotoka upepo. Hukujaza tangi hadi mdomoni, kwa sababu mazut hutoa povu kama pombe ya mahindi, na povu likipanda halina heshima na mtu. Ulisikiliza. Tangi tupu hulia kwa sauti nene. Likikaribia kujaa sauti hupanda, inakuwa nyembamba, na hapo ndipo unapoacha kuzungusha. Kisha unauinua mpira juu ili kilichobaki ndani kirudi kwenye pipa, kabla ya kuutoa kwenye tangi. Wengi walisahau kuuinua, na viatu vyao vilijulikana mji mzima.

Baada ya kazi, mkono wa kulia ulitoka mfukoni kufungua milango ya gari, kusaidia akina mama kupanda, kupokea mizigo. Shefu wa depo, yaani mkuu wetu, Mzungu mwenye kaptura nyeupe na masharubu yaliyochanwa, alikuja kutukagua. Alimpa kila mmoja karatasi nyeupe aishike kwa mkono wa kulia, kisha akaiinua kwenye jua.

"Hakuna kidole," alisema siku yangu ya kwanza ya kufaulu, kwa Kiswahili chake kigumu. "Weye bakia."

Aliyeacha alama alirudishwa kwenye makaa. Nilitembea kwenda nyumbani nikiwa na furaha isiyolingana kabisa na tukio lenyewe.

Baadaye walinipeleka Bukama kwa muda, chini ya shefu wa stesheni aliyepiga kelele kuliko otorai, kisha wakanirudisha Kamina. Kote huko mkono wangu wa kushoto ulizidi kunenepa kwa kuzungusha pampu. Mshonaji wa sokoni aliniuliza kama niliumwa na nyuki upande mmoja. Tangu siku ile alinikatia mikono ya shati kwa vipimo viwili tofauti.

Na hapo ndipo ninapofika kwa Ngoyi.

Ngoyi alikuwa binti wa Mzee Kalenga, masinista wa gari la moshi, yaani dereva wa injini ya makaa, na mmoja wa wale walioheshimiwa hata na mbwa wa kambi ya reli. Mzee huyu hakuipenda dizeli. Alisema gari lisilotoa moshi ni kama mtu asiyetoa jasho: kuna kitu anakuficha. Nilipotuma wajomba zangu kwenda kusema nia yangu, aliwapokea vizuri, akawapa kinywaji, akawasikiliza mpaka mwisho. Kisha akatoa sharti. Ngoyi mwenyewe aliniletea habari hiyo, akiwa na ndoo kichwani, karibu na bomba la kambi.

"Baba anasema ukuje siku ya Mungu, mukule naye," alisema.

"Ni vizuri sana."

"Ngoja. Anasema mutakula mu sahani moja. Bukari ikinuka mazut, unarudia kwenu na bajomba yako."

Bukari ndiyo ugali wetu wa Katanga, na wanaume wa nyumba huula kwa mkono kutoka sahani moja. Sharti la mzee halikuwa la kijinga. Mkwe ni mtu utakayekula naye mpaka mmoja wenu afe.

"Basi nitaleta mkono wangu wa kulia," nilimwambia. "Huo haujawahi kugusa mazut."

"Minyi ningetaka ulete yote mbili," alisema Ngoyi. "Lakini usiseme nilisema."

Jumapili ile nilipangiwa otorai ya asubuhi. Ilikuwa ifike mapema, niijaze, ninawe, niende misa, kisha nikale. Ilichelewa. Misa iliingia na kutoka mimi nikiwa bado nimesimama kando ya reli. Ilipokuja hatimaye, honi yake ikinifurahisha licha ya kila kitu, nilianza kuzungusha pampu kwa haraka ya mtu anayeoa. Mpira ukapasuka karibu na pampu. Mazut ilinimwagikia mkono wa kushoto kutoka kiwiko mpaka kucha. Niliruka nyuma, na mkono wa kulia ukabaki mfukoni. Sikuuambia ubaki. Ulikuwa umeshafunzwa kuliko mimi.

Kapita Ilunga alikuja, akaushika mkono uliolowa, akaugeuzageuza kama anayenunua samaki.

"Huyu amekufa," alisema. "Onyesha mwingine."

Nikautoa wa kulia. Akaunusa.

"Huyu iko muzima. Enda na huyu."

Nilisugua ule mfu kwa unga wa mbao, kwa majivu, kwa sabuni, mpaka ngozi ikawa nyekundu. Rangi ilitoka. Harufu haikutoka. Nikavaa shati langu la mikono miwili isiyolingana, nikauficha mkono wa kushoto mgongoni, nikaenda kambini nikitembea kama diwani anayekagua barabara. Niliona nimeshinda. Nani hula kwa mkono wa kushoto? Hakuna. Basi mazut na bukari visingekutana kamwe.

Mzee Kalenga alikuwa amekaa kwenye kiti chake sebuleni, amevaa koti. Wajomba zangu wawili walikuwa wamefika, wakitazama sakafu. Nyuma ya pazia la jikoni, mama yake Ngoyi alikuwa anapakua, asionwe nami, maana kwetu Waluba mkwe na mama mkwe huheshimiana kwa kutoonana. Nilifika mlangoni, nikachuchumaa kama inavyopasa.

Hapo ndipo nilipokumbuka makofi.

Kwetu baba mkwe hasalimiwi kwa mdomo tu. Unachuchumaa, unakunja viganja kidogo, unapiga makofi ya heshima, mazito na ya polepole, mpaka mzee akujibu. Viganja viwili. Hakuna anayejua kumheshimu mtu kwa kimoja. Sisi wa depo tulikuwa tumegawanya mwili nusu kwa nusu, tukasahau kwamba heshima inauhitaji wote.

Mzee alinisubiri. Wajomba waliinua macho. Kama nisingepiga, mkono wangu wa kulia ungebaki safi, na mimi ningekuwa nimemtukana mwenye nyumba mbele ya ndugu zangu. Kama ningepiga, ningekuwa nimeitia mazut kwenye sahani yake kwa mikono yangu mwenyewe. Katika chuo kikuu, miaka mingi baadaye, nilisoma vitabu vizito kuhusu uhuru wa kuchagua. Waandishi wake, naona, hawakuwahi kuchuchumaa pale mlangoni.

Niliutoa mkono wa kushoto mgongoni, nikapiga makofi. Nilipiga vizuri. Kama ni kuharibikiwa, nilitaka kuharibikiwa kwa sauti nzuri.

Mzee akajibu kwa makofi yake, akaniita niketi. Maji yakaletwa, sabuni ikaletwa, nikanawa kwa matumaini ya mtu anayemjua shemeji yake. Bukari ikawekwa katikati, moto, mvuke ukipanda, pamoja na sombe, yaani kisamvu, na samaki wakavu wa Kinkondja. Mzee akakata tonge la kwanza, akanipa ishara. Nikanyoosha mkono. Vidole viligusa bukari, na joto likaifanyia mazut kile ambalo joto huifanyia siku zote: likaiamsha.

Harufu ikajaa meza. Mjomba wangu mkubwa alifumba macho.

"Otorai imeingia," alisema Mzee Kalenga.

Nikaondoa mkono. "Ndiyo, baba."

"Bananiambia mukono yako ya kuume haigusake mazut."

"Haugusi, baba. Umeguswa na wa kushoto. Mpira ulipasuka asubuhi."

"Imeguswa wapi?"

"Hapa mlangoni. Nilipopiga makofi."

Alinitazama kwa muda. Nilikuwa nimemwona akiitazama hivyo injini iliyokuwa ikitoa mlio asioujua.

"Ulijua, mbele ya kupiga?"

"Nilijua."

"Na ukapiga."

"Ningekusalimu namna gani, baba?"

Mjomba mdogo alianza kukohoa, akaacha. Mimi nilikuwa nikifikiria njia ya kwenda nyumbani isiyopita penye watu. Kisha Mzee Kalenga alinyoosha mkono mpaka upande wangu wa sahani, pale vidole vyangu vilipokuwa vimeacha mashimo manne, akakata tonge palepale, akalichovya kwenye sombe, akalitia mdomoni. Akatafuna polepole, macho yakiangalia dari.

"Iko mubaya," alisema alipomeza. "Iko mubaya sana. Makaa haifanyake hivi. Makaa iko safi."

Nyuma ya pazia sauti ya mama ikatoka, tulivu kabisa:

"Safi? Minyi nakula makaa yako tangu tuoane. Hata mito ya kitanda iko nyeusi. Acha bantu bakule."

Wajomba walicheka kwanza. Mimi sikuthubutu mpaka nilipoona mabega ya mzee yakitikisika. Akanisukumia samaki.

"Kula," alisema. "Inapoa."

Nikala. Hakuna chakula nilichowahi kula kilichokuwa kibaya hivyo, na nilikula mpaka chini ya sahani ikaonekana.

Tulioana kanisani mvua zilipokwisha, na otorai ilipiga honi ilipopita, bila ruhusa ya shefu wa depo. Baadaye niliacha reli, nikapata nafasi ya kusoma, nikafundisha miaka mingi, na sasa nimestaafu kabla ya nywele chache zilizobaki kuwa nyeupe zote. Vijana wakinijia na mikono iliyolowa dizeli, huwaambia kile nilichoambiwa: kikavu kwanza, majivu, sabuni, maji mwisho, na mkono mmoja uwe wa nyumba. Ni mafunzo mazuri. Yana tundu moja kubwa, na nimewaeleza liko wapi.

Mzee Kalenga alikula nami Jumapili nyingi baada ya ile. Nilipokuwa mwanafunzi, miaka mizima bila kugusa kitu kichafu kuliko wino, nilirudi likizo, nikachuchumaa, nikapiga makofi, nikanawa, nikaketi. Alinusa hewa juu ya sahani, akatikisa kichwa kwa huzuni.

"Mazut," alisema, na akakata tonge lake upande wangu.