Gari Lililovuliwa Magurudumu

Kamionete yetu haikuchukuliwa na wanajeshi. Naanza na hilo kwa sababu miaka ile, Butembo, gari likitoweka watu hawakuuliza kama ni wanajeshi, waliuliza tu ni wa kundi gani. Letu liliharibikia ndani ya ua wenye ukuta, lango la chuma na mlinzi. Ulikuwa ua wa depo ya mfanyabiashara wa kahawa, mtu wa parokia yetu. Hapo ndipo mimi na mume wangu tulipolilaza kila tuliporudi na samaki kutoka ziwani, Kyavinyonge.

Hakututoza pesa. Kila wiki nilimpelekea mkewe tilapia, na mama yule hakuwa mtu wa kupokea tu: alilifukua kapu mpaka chini, akachagua walionona. Mimi niliita hiyo kodi. Ukutani kulikuwa na tangazo la rangi nyekundu, kwa Kifaransa, kwamba depo haiwajibiki kwa wizi wala uharibifu wa magari. Tulipita chini yake asubuhi na jioni. Nani husoma ukuta?

Kisha vita vikaanza kuteremka kutoka Ituri kuelekea Beni. Mama yangu alikuwa anakaa Beni, na nyonga yake ilikuwa imekufa; ndani ya nyumba alitembea kwa kushika ukuta. Madereva walituletea habari mchana kwamba watu wa Beni wanafunga mizigo. Tukakubaliana kwenda kumchukua alfajiri, tukamtumia habari atungoje. Wenzake walikuwa na miguu ya kukimbilia. Yeye alikuwa na kamionete yetu.

Jioni hiyohiyo ikasikika kwamba wanajeshi, basoda kama tulivyowaita, wanapita kwenye madepo wakitafuta magari. Butembo ilikuwa na dawa yake kwa hilo: unavua magurudumu, unayaficha chini ya magunia ya kahawa, unaliacha gari juu ya magogo kama mkweche. Mwanajeshi anaendesha gari la mtu, halibebi. Mwenye depo akaamuru magari yote ya uani yavuliwe, lake likiwemo. Sisi tulikuwa tumeshaenda nyumbani, wala hakututumia mtu. Mlinzi akapanga magogo yetu juu ya maganda ya kahawa waliyokuwa wamemwaga kufunika tope. Usiku ikanyesha.

Asubuhi tulikuta gari limepiga magoti. Gogo la mbele lilikuwa limeteleza, na karteri, lile bakuli la oli chini ya injini, ilikuwa imepasukia kwenye jiwe. Maganda yote yalikuwa meusi kwa oli. Mume wangu alichuchumaa akayagusa. Nikasema mimi.

Mwenye depo alinyoosha kidole ukutani. "Mama, affiche iko pale. Depo hapana inajibia."

"Affiche inaongea juu ya bezi na basoda! Mwizi ni nani hapa? Ni weye ulitosha mipira ya gari, ukaificha!"

"Nilitosha juu ya kuwasaidia. Kama nilikuwa nimeacha, mungekuta gari leo?"

"Na samaki zetu? Kila wiki munakula juu ya nini?"

"Ile ni zawadi, mama. Mutu wa kanisa analetea mutu wa kanisa samaki. Hapana location, hapana kodi."

Madereva waliokuwa wanatafuta magurudumu yao wakacheka. Mmoja akasema asante ya punda ni mateke. Niliona hasira mpaka macho yakaniuma, kisha nikakumbuka kwamba jua linapanda na mama ananingoja mlangoni. Nikapiga magoti kwenye yale maganda yenye oli.

"Papa, tuache mambo ya gari. Unipe camion yako tulete mama yangu. Haweze kutembea."

Alilitazama lori lake, nalo limekaa juu ya magogo. Hakuwa mtu mbaya. "Na basoda bakiikamata ku barrière, nani atajibia? Weye?"

Nilimchukia kwa sababu alikuwa na haki ya kuuliza, nikainuka kwenda kuwaita kaka zangu.

Mume wangu na kaka zangu wakaenda kwa miguu, wakipishana na watu wote wa Beni waliokuwa wanakuja huku. Walimkuta mama ameketi kwenye kiti mlangoni, kitenge kizuri mwilini, akisikiliza kama ni gari letu. Wakafunga blanketi kwenye miti miwili, wakambeba mabegani. Mvua iliwakuta kwenye kilima cha Kabasha, na pale juu kuna baridi. Walipofika Maboya wakamlaza katika darasa la shule ili wabadilishane mabega. Alifia hapo. Kaka yangu mdogo alikimbia mbele kuja kuniambia.

Nilikuwa bado nalia chini sakafuni niliposikia lori nje. Mwenye depo alikuwa amerudisha magurudumu, na yeye mwenyewe ndiye dereva, kofia mkononi. "Pole sana, mama. Camion iko. Tuende kuleta mama." Sikuomba. Kwetu maiti haiombewi gari; linakuja lenyewe.

Nikapanda mbele. Alikuwa amefunga matawi kwenye pua ya lori, kama inavyofanywa kwa msiba. Njiani akaniambia atanitafutia karteri nyingine, nikamwambia anyamaze.

Kwenye barrière, pale kamba ilipofunga barabara, niliona wanajeshi wengi. Mmoja aliyaona matawi. Alivua kofia, akashusha kamba, akatupungia mkono tupite. Hakuuliza tunakwenda wapi. Hakuja hata kuchungulia nyuma, ambako hapakuwa na maiti wala kitu chochote.

Niligeuka kumtazama mwenye depo, naye akawa ananitazama. Matawi yale alikuwa ameyakata kwenye ua wa depo yake. Tungeweza kuyafunga mama akiwa hai.