Mwenyeji wa Nchi Ambayo Hajaikanyaga

Ukitaka kwenda nchi ile ya milima na treni, na ukitaka habari zake bila kutiwa chumvi, wangekuelekeza kwa wakala wa safari, ghorofa ya pili, mlango wa tatu, meza ya dirishani. Pale alikaa mwanamke wa miaka hamsini kasoro miwili, miwani imening'inia kifuani, na mbele yake kijitabu cha kurasa ishirini cha maelekezo ya wasafiri alichokiandika mwenyewe. Wenzake ofisini walimbandika jina la Mwenyeji. Alijua kwamba tiketi ya treni usipoigonga kwenye mashine ya stesheni kabla ya kupanda, unatozwa faini hata kama umeilipia. Alijua maji ya bomba yananyweka, soketi zao ni za matundu mawili ya duara, na Jumapili hupati hata kibiriti kwa sababu maduka yote yamefungwa. Alijua pia kwamba ukivuka barabara taa ikiwa nyekundu, hata kama halipiti gari wala kuku, mzee mmoja atakukemea kutoka ng'ambo ya pili.

Kwenda hajawahi kwenda. Hata uwanja wa ndege aliujua upande wa wasindikizaji tu.

Yote aliyapata kwa kuuliza. Mteja akirudi kusema ahsante, kabla hajamaliza salamu amekwisha kuvutiwa kiti. "Basi la kutoka uwanjani siku hizi namba ngapi? Kaunta ya laini za simu bado iko kushoto? Ulisimama foleni dakika ngapi?" Watu walidhani ni ukarimu, wakamsifu kwa mkurugenzi. Tuseme ukweli, haukuwa ukarimu. Kilikuwa kijicho, tena kile cha kimyakimya kinachokaa na kalamu mkononi. Alimkamua mtu habari mpaka tone la mwisho, akamtakia siku njema, kisha akabaki anaandika huku roho inamuuma.

Lakini wateja aliwamudu. Wale walikuwa watu baki, na mtu baki akienda zake unamsahau. Kilichomshinda ni mdogo wake.

Huyu mdogo mtu, kitinda mimba wao, alikuwa mwalimu wa hesabu wa sekondari. Hakuwahi kuota safari hata siku moja. Njia za mji walimozaliwa zenyewe zilikuwa zinamchanganya. Shule ikamchagua kwenda kozi ya wiki tatu. Akaitoa habari hiyo jikoni kwa mama yao, anakausha vikombe, kama mtu anayesema kesho atafua.

"Dada, si ni ileile nchi yako?"

Nchi yako. Mwenyeji alicheka kwa meno tu. Mama yao akaacha kisu mezani, akafuta mikono, akamkumbatia binti mdogo na kusema mwanangu anakwenda kuiona dunia. Miaka kumi na tisa Mwenyeji amepeleka watu duniani, na mama yake hajawahi kumwuliza kazi yake hasa ni ipi.

"Nikagulie karatasi zangu basi," mdogo akasema, akamwekea bahasha mbele. "Wewe ndiye mjuzi. Mimi hata sijui nianzie wapi."

Mwenyeji akavaa miwani. Barua ya mwaliko ilikuwa sawa. Tiketi ilikuwa sawa. Viza ya nchi ile hugongwa palepale mtu anapofika, hiyo haikuwa na neno. Akafungua pasipoti. Nchi ile inataka pasipoti iwe na miezi sita mbele, na isipokuwa nayo hawakupandishi ndege, wanakurudisha kaunta na sanduku lako. Hii ilikuwa imebakiza miezi minne. Aliiona mara moja, kama unavyoona unywele kwenye sahani.

"Iko sawa," akasema, akaifunga.

Ningependa kukuambia kwamba ulimi uliteleza. Haukuteleza hata kidogo. Alitamka polepole, akapanga karatasi vizuri, akarudisha bahasha, na njiani kurudi kwake alijisikia mwepesi.

Safari ilikuwa baada ya siku kumi na tano. Pasipoti mpya, kwa dirisha la haraka, ilichukua siku saba za kazi, na hilo pia Mwenyeji alilijua kwa sababu hakuna alichokuwa hakijui. Kila jioni mdogo alipiga simu na maswali yake. Koti zito au jepesi? Dawa za mama za miguu, nikizitafuta kule nahitaji cheti? Mwenyeji alijibu yote, tena kwa kirefu kuliko alivyoulizwa, mpaka akamwambia viatu gani vinateleza kwenye ngazi za stesheni. Hakukosea hata moja.

"Nitakuletea picha, dada."

Picha anazo. Ukutani mwa ofisi milima ile imetundikwa saba, na mmoja umepauka kwa jua.

Ule wivu ulikuwa mtamu, alikuwa akilala nao. Alikuwa akifumba macho anamwona mdogo wake kwenye kaunta, msichana wa ndege anafungua ukurasa, anarudi nyuma, anasema samahani mama. Anaona sanduku linarudishwa, mama yao anashika kiuno, na kozi inakwenda bila mtu. Hapo ndipo alipokuwa akisinzia. Usiku wa nne hakusinzia mapema, na ile sinema ikaendelea mbele kidogo. Akamwona mdogo wake anageuka, anamtafuta kati ya wasindikizaji, anamjia yeye mbio na pasipoti mkononi. "Dada, sasa tufanyeje?" Kwa maana angemwuliza nani mwingine?

Asubuhi Mwenyeji alipiga simu kwenye ngazi za ofisi, ili wenzake wasimsikie.

"Mdogo wangu, ile pasipoti imebakiza miezi minne. Wanataka sita. Nenda uhamiaji leo hii, usiende kesho. Dirisha la haraka, beba picha mbili. Nilikosea kusoma tarehe."

Upande wa pili zilisikika kelele za wanafunzi, kisha mlango ukafungwa.

"Ulikosea kusoma."

"Miwani hii nayo, nimeichoka."

"Kadi za harusi yangu ulizirudisha zote kwa mpiga chapa, dada. Mia mbili. Kwa sababu ya tarehe moja ambayo sisi wengine hatukuiona." Hakusema kwa ukali. Angefoka, ingekuwa nafuu. "Wewe hukosei tarehe."

Mdogo akamshukuru kwa kumwambia, akakata simu.

Pasipoti mpya ikatoka siku mbili kabla ya safari. Mama yao hakuambiwa kitu, wala hakuna aliyemgombeza mtu. Simu za jioni tu ndizo zilizokoma. Mwenyeji alikaa na simu mapajani, majibu yamemjaa kinywani, akajua kwamba maswali yanapelekwa pengine au hayaulizwi kabisa.

Siku yenyewe walikwenda wote kumsindikiza. Mdogo alimkumbatia mama, akamkumbatia dada yake, sawasawa na alivyowakumbatia majirani. Walipofika kwenye mlango ambao wasindikizaji hawauvuki, akasimama, akatoa ile bahasha.

"Ngoja nikaguliwe mara ya mwisho."

Mwenyeji alikuwa hatua moja kutoka pale. Mkono wake ulikwisha kunyooka, kwa mazoea ya miaka kumi na tisa. Bahasha ikampita, ikaenda kwa shemeji yake, fundi majokofu, mtu ambaye hajawahi kushika pasipoti maishani mwake.

"Baba watoto, nisomee wewe tarehe."

Shemeji akaanza na ukurasa wa mwisho. Akapekua, akarudi, akasoma namba ya kitabu kwa sauti akidhani ndiyo tarehe, akakuna kichwa. "Hivi inaandikwa wapi?"

"Itafute tu. Nina muda."

Kutoka pale aliposimama Mwenyeji aliiona, mstari wa tatu kutoka chini, mkono wa kulia. Alirudisha mkono ubavuni. Hakuna aliyemwuliza.