Chumvi ya Idi

Tahiya alikuwa muuguzi wa wadi ya wagonjwa wasiotarajiwa kupona, na siku ile mfukoni alikuwa na barua ya kuomba kuhamia kliniki ya watoto. Mume aliyemtumikia miaka ishirini alikuwa amempa talaka kwa ujumbe wa simu, hata salamu hakuweka. Amechoka kuwafumba watu macho. Anataka kuwaona wanaofumbua.

Lakini Bi Sichana, wa kitanda cha dirishani, hafi. Daktari alimpa siku mbili, yeye yumo katika ya tisa, hali wala hanywi, neno lake moja tu: "Sendi popote bila ya radhi ya Bashira."

Bashira alikuwa mke mwenzake. Mume wao aliwaachia urithi na ugomvi. Urithi waligawana, ugomvi kila mmoja aliuchukua mzima.

Tahiya alipotoka kazini akamfuata Bashira kwake Mbweni.

"Shikamoo, Bi Bashira. Bi Sichana anakuomba radhi."

"Marahaba. Kakutuma wewe? Mdomo wake umemtangulia kufa?"

"Mzima. Ndio unaotuchosha wadini."

"Basi aniombe mwenyewe."

Akavaa buibui, akajifukiza udi kama mwenda harusini. Alipofika kitandani hakuuliza hali.

"Idi ile, biriani yangu, wageni wakatema. Ni wewe?"

"Mimi."

"Ulitia chumvi kiasi gani?"

"Vikombe viwili." Bi Sichana akavuta pumzi. "Nlitaka kutia cha tatu, ukatokea."

Tahiya akashika chuma cha kitanda, tayari kuamua ugomvi wa vikongwe.

"Miaka arubaini," akasema Bashira, "mwanamme yule hakula changu ila aonje kwanza kwa ncha ya ulimi, kama paka. Mie nkajua sijui kupika." Mabega yakamtikisika. Tahiya akadhani analia, kumbe anacheka. "Nshakusamehe, shetani wee. Duniani na akhera."

Akaagiza uji, akamlisha mwenyewe. Bi Sichana akameza, akafikiri.

"Hauna chumvi."

Kesho yake asubuhi akaenda zake kwa utulivu, mkono wake umo katika wa Bashira. Tahiya akamfumba macho, na vidole havikumwia vizito.

Barua ya kuhamia alikuwa keshaiweka chini ya bakuli la uji, meza isichafuke. Kuna mwanamme mmoja hapa mjini, siku yake ikifika ataletwa wadi hiihii. Tahiya anataka siku hiyo yeye awepo zamu, aombwe radhi kwa mdomo, si kwa simu.