Neno Lililoachwa Vilevile

Miaka ishirini na miwili Kusumlata Bajpai alifundisha Kihindi katika shule ya wasichana huko Kanpur, na alipostaafu akapata kazi ya kuisahihisha mashine ya kutafsiri katika ofisi moja. Ofisi ilipokea makaratasi ya Kiingereza ya maelezo ya dawa na bidhaa, mashine ikayageuza kuwa Kihindi, na kila neno isilolijua ililiacha vilevile, limevikwa tu herufi za Kihindi. Msomaji aliona herufi zake mwenyewe, akadhani ameandikiwa yeye. Utapeli mtupu, na Kusumlata aliajiriwa kuukomesha.

Aliifanya kazi kwa moyo. Neno la shambani likimshinda, alimpigia kaka yake Shivbaran, mkulima wa Unnao.

"Kaka, hii nyie mnaiitaje?"

"Ngoja niwaulize walevi wa chai hapa," Shivbaran angejibu, na baraza zima lingebishana mpaka jina lipatikane.

Mkuu wake, Nirbhay Saxena, kijana ambaye angeweza kuwa mwanafunzi wake, hakupendezwa.

"Dada Kusum, wenzako wanamaliza maneno mia mbili kwa siku, wewe thelathini! Unatafsiri, au unalitafutia kila neno mchumba?"

Ofisi nzima ikacheka.

"Na mkulima asipoelewa?"

"Atauliza, si ana mdomo? Bonyeza 'kubali', twende."

Mtu mzima kuchekwa na watoto! Ilimuuma kweli. Wiki ileile akaambiwa akiendelea na mwendo huo wa kinyonga, asirudi. Akakata tamaa, akasema liwalo na liwe. Shivbaran alipopiga kumjulia hali, akamkatiza: "Kaka, niko kazini, usinisumbue kwa mambo madogo." Akabonyeza kubali, kubali, kubali, na mwezi huo akasifiwa mbele ya watu.

Mwaka uliofuata, baada ya mavuno ya ngano, Shivbaran alitia vidonge vya kuua fukusi katika chumba cha nafaka, akaziba madirisha. Kwa kuwa wezi walikuwa wameshamiri kijijini, akatandika humohumo. Asubuhi hakuamka.

Siku ya kumi na tatu, wageni wa matanga walipokwisha kula, mjane wake Phulmati alimletea Kusumlata karatasi iliyokuja na vidonge.

"Wifi, wewe ndiye msomi wetu. Alisoma yote, akakwama hapa tu." Kidole chake kilikuwa juu ya neno la Kiingereza katika herufi za Kihindi. "Nikamwambia, si umpigie Kusum? Akasema ah, mambo madogo haya, mwache afanye kazi."

Kusumlata aliitambua karatasi. Aliipitisha mwenyewe, kabla ya chakula cha mchana, pamoja na nyingine arobaini.

"Linasema nini, wifi?"

"Kwamba vidonge hivi vinatoa mvuke wa sumu," alisema. "Mtu asilale navyo chumba kimoja."

Alimweleza yote, taratibu, kwa maneno ya kijijini ambayo hata mtoto angeyaelewa. Nani aliyeipitisha karatasi ile, hakumwambia.