Kioo Kilichogeuzwa

Mwezi uliopita nilishuka Madaba kumzika mtu niliyemchukia tangu nikiwa na miaka kumi na miwili. Nakuambia wewe kama rafiki wa siku nyingi, kwa sababu pale msibani nisingeweza kumwambia mtu: sikwenda kulia. Nilikwenda kuona anafukiwa. Nilichota udongo kama wengine, nikamwaga, nikapangusa mikono. Mjane wake akanishukuru kwa kutoka mbali. Nikamjibu, "Pole sana, mama," na moyo wangu wakati huo ulikuwa Songea, katika ua wetu wa Msamala, miaka ile ya ruksa, biashara ilipofunguliwa.

Unaikumbuka miaka ile? Sabuni ilikuwa imerudi madukani, mitumba inamwagwa chini kwa marobota, na kila nyumba yenye redio kaseti ilitaka mtaa mzima ujue. Ua wetu ulikuwa na harufu mbili: togwa ya bibi, na dawa za kusafishia picha. Mama alikuwa mpiga picha. Kamera ilikuwa ya marehemu baba, aliyeipata kwa bruda mmoja wa misheni ya Peramiho. Ilikuwa sanduku la mbao lenye miguu mitatu, na katikati mvukuto unaokunjuka kama kinanda. Nyuma ilikuwa na kioo cha ukungu, kikubwa kama daftari. Mama alijifunika kitambaa cheusi, akaangalia watu wakining'inia kichwa chini miguu juu kwenye kioo kile, akasogeza lenzi mpaka sura zikakaa sawa, ndipo akaweka filamu mahali pa kioo. Kazi yangu ilikuwa kuchota maji ya kusuuzia picha, ndoo sita kila Jumamosi, na kuzianika kwenye kamba kwa vibanio vya nguo.

Shule zote za karibu zilimwita mama kwa picha ya darasa la saba. Picha yake ungeweza kuikuza hadi ukubwa wa mlango, na kila mtoto akaonekana kope zake.

Jirani yetu wa upande wa pili alifungua studio ya picha za rangi. Alikuwa na kamera ndogo mpya kutoka Dar es Salaam, pazia lenye maporomoko ya maji, na maua ya plastiki. Hakuna aliyemwonea kijicho. Bibi alimpelekea mboga ya maboga, mama akamkopesha mabeseni. Siku moja mama akiwa kanisani, jirani alikuja akaniambia, "Mwanangu, nimeona kioo cha mama yako kimeshika vumbi. Ngoja nimsaidie." Alikaa na kamera kibarazani na bisibisi yake, akipiga mluzi. Mimi nikamletea maji ya kunywa. Niliyakumbuka maji hayo kwa miaka mingi.

Wiki iliyofuata mama alipiga picha ya darasa la saba la shule yetu. Zilipotoka, matofali ya ukuta nyuma ya watoto yalionekana moja moja, hata nyufa zake, lakini nyuso za watoto zilikuwa ukungu. Akapiga tena, ikawa vilevile. Mwalimu mkuu alizirudisha mwenyewe, kwa upole, na upole ule ndio uliomvunja mama. Mtaani wakasema macho yake yamekwisha. Jirani alisema kwa sauti ya huruma, "Mama wa watu amechoka, apumzike." Kazi za shule zikahamia kwake. Mama akaifunga kamera kwenye blanketi na kuanza kukaanga maandazi.

Nilikuwa mtoto, nikaamini kama wengine kwamba tatizo ni macho. Basi nikaamua kumtafutia macho. Nilianza na miwani ya bibi, lakini ilinitia kizunguzungu. Nikaazima kioo cha kusomea cha katekista. Kilikuza katikati tu, pembeni watu walipinda kama wako ndani ya chupa. Nikajaribu nusu ya darubini mbovu, nayo ikataka niwe mbali na kioo mpaka kichwa kinatoka nje ya kitambaa. Mwishowe nilikwenda kwa fundi saa sokoni. Nilimwamkia shikamoo, nikamweleza juu ya kamera na mchoro wa penseli uliokuwa kwenye kioo chake.

"Marahaba. Usichukue kinachokuza sana," alisema, akitoa jichoni kile kioo chake cheusi kama kifuniko. "Utaona punje za kioo tu, sura hutaiona. Chukua hiki cha zamani. Kibane kwenye jicho, sogea mpaka mchoro wa kwenye kioo uonekane safi. Ukishauona huo, ndipo uangalie watu."

Kitambaa nacho kilikuwa kimetoboka. Blanketi lilinikatisha pumzi, kitenge kilipitisha mwanga. Mama mwenyewe akatoa gauni jeusi alilovaa mwaka mzima baada ya baba kufa, akalipasua mshono.

Kwa hiyo nilisimamisha kamera uani mchana mmoja, nikajifunika gauni la mama, nikabana kioo cha fundi saa jichoni. Mchoro aliousema ulikuwepo: msalaba mwembamba wa penseli ambao baba aliuchora upande wenye ukungu. Kulikuwa na alama ya kidole juu yake. Nikaipangusa kwa ncha ya gauni, na msalaba ukafutika.

Niliduwaa. Baba alikuwa amenifundisha kwamba upande wenye ukungu unatazama ndani, kwenye lenzi, mahali ambapo filamu itakaa. Penseli haishiki upande laini. Nikakwaruza kwa ukucha: kwaruu. Ukungu ulikuwa nje. Kioo kilikuwa kimegeuzwa. Unene wake tu, kama wa sarafu, ulitosha kupeleka nyuso kwenye ukungu na kuleta ukuta mbele.

Nilimwita mama. Alikwaruza yeye mwenyewe mara mbili. Mikono yake ilikuwa na unga wa ngano.

"Nani alifungua hapa?"

Nilimwambia. Hakupiga kelele. Alichukua bisibisi, akakigeuza kioo kikae sawa, akachora msalaba upya, akadondosha nta ya mshumaa juu ya kila skrubu. "Usimwambie mtu," alisema. "Hata bibi yako."

Mwaka uliofuata darasa la saba lilikuwa letu. Mwalimu mkuu alitaka picha kubwa ya kutundika ofisini, na kamera ndogo ya jirani haikuweza. Basi jirani akaja kwetu, amevaa shati jipya, akaomba kuazima ile ya mbao. Mama alikuwa akikaanga. Hakugeuka. "Ichukue, baba," alisema. Alipoondoka nilitaka kulia kwa hasira, lakini mama akanikazia macho.

"Kioo kimekaa sawa. Asipokigusa, picha itatoka nzuri, na mimi nitajua nimemdhania vibaya. Akikigusa kwa kudhani bado kimegeuzwa, amejihukumu mwenyewe. Nani mwingine anajua kwamba kiligeuzwa?"

Rafiki yangu, niliomba kwa Mungu akiguse. Niliomba rozari nzima.

Siku ya picha, wiki yetu ya mwisho shuleni, tulipangwa mbele ya ukuta uleule. Karibu yangu alisimama mwenzangu wa dawati, msichana mfupi mcheshi aliyekuwa akinigawia masuku, matunda ya porini aliyookota njiani. Alikuwa ameazima sweta la dada yake, na alinisisitizia nimwangalie kama kola imekaa. Nilipopita karibu na kamera kwenda kwenye mstari nilikuwa nimetazama zile skrubu. Nta haikuwepo. Shaba ilikuwa inang'aa.

Nilikuwa na muda wa kusema. Jirani alijifunika, akasogeza lenzi, akatoka, akafuta jasho, akajifunika tena. Mwalimu mkuu alikuwa hatua tano kutoka kwangu. Mwenzangu akaninong'oneza, "Cheka basi, usinune." Nikacheka. Nilicheka kweli, kwa meno yote, kwa sababu nilijua.

Siku nne baadaye jirani alikuja kwetu na mwalimu mkuu, picha mkononi, kamera begani. Ukuta ulionekana tofali kwa tofali.

"Mwalimu, si nilikwambia?" alisema. "Kamera yenyewe mbovu. Hawa walijua, wakanipa hivyohivyo."

Mama alifuta mikono kwenye kanga. Akafungua skrubu mbele yao, akamwekea mwalimu kidole chake juu ya kioo. "Kwaruza, mwalimu. Upande huu ulitakiwa uwe ndani. Mimi nilimpa ukiwa ndani."

"Uongo!" jirani alifoka. "Kilikuwa kimegeuzwa! Mimi nilikirudisha tu sawa!"

"Kilikuwa kimegeuzwa," mama alirudia polepole. "Nani alikwambia?"

Jirani alirudi nyuma hatua moja.

"Na zile za mwaka jana?" aliuliza mwalimu mkuu. Jirani aliangalia chini. Mwalimu akamvulia mama kofia, akasema, "Nisamehe, mama," kisha akaondoka bila kumngoja mwenzake.

Habari ilifika sokoni kabla ya adhuhuri. Hakuna aliyemtukana, watu waliacha tu kupita kwake. Pazia la maporomoko lilipauka, na kabla mwaka haujaisha alihamia Madaba kulima. Nilisimama kibarazani siku anapakia virago, nikatafuna muwa, nikahakikisha ameniona. Utamu wa muwa ule sijaupata tena.

Mwalimu alitaka picha irudiwe, lakini tulikuwa tumeshamaliza shule na kutawanyika, wengine vijijini kusikofikika. Mama alifanya kazi miaka mitatu zaidi, mpaka filamu za saizi ile zilipokosekana hata Peramiho. Leo fundi saa hayupo, ukuta wa shule umebomolewa, na mama amelala karibu na baba.

Miaka miwili baada ya picha ile, mwenzangu wa dawati aliugua homa akafa. Mama yake alitembea kwa miguu kutoka kijijini mpaka kwetu. Hakuwa na picha yoyote ya mwanawe, akasikia darasa letu lilipigwa. Nilimpa. Aliisogeza karibu, akaipeleka mbali, akaielekeza kwenye jua.

"Mwanangu ni yupi?"

Nikamwonyesha kwa kidole. Alichukua ncha ya kanga akaanza kuipangusa pale, taratibu, kama mtu anayeondoa vumbi, na sikuweza kumwambia kwamba si vumbi.